Chakula Kikiota Ukungu ni cha Nani?

Katika kila nyumba, iwe ya tajiri au ya maskini, iko saa ambayo mama husimama mbele ya chungu au gunia, akanusa, akatazama, kisha akaamua. Makande ya jana yamechacha kidogo. Je, yapashwe moto yaliwe, au yamwagwe? Mahindi ya chini ya gunia yameota ukungu wa kijani. Je, yapepetwe yasagwe, au yatupwe? Hakuna anayemwita hakimu kulikata shauri hilo, wala hakuna anayeiandika hukumu yake. Walakini katika uamuzi huo mdogo yamo mambo makubwa: haki ya mali, uhai wa mtoto, heshima ya maskini, na uaminifu wa soko. Juma hili twataka kulitazama shauri hilo kwa makini, wala tusilidharau kwa kuwa ni la jikoni.

Kila chakula na saa yake

Twende Ugweno, kaskazini mwa Milima ya Upare, katika Wilaya ya Mwanga, mkoani Kilimanjaro. Mahali hapo pafaa sana kwa fundisho letu, maana kwa mwendo wa saa chache mtu hupita katika hali mbili za hewa. Juu, huko Shighatini, Kifula na Msangeni, kuna vihamba vya migomba na kahawa, baridi, na wingu la asubuhi. Chini, upande wa mashariki, kuna Kwakoa na Ziwa Jipe lililo mpakani na Kenya. Na upande wa magharibi kuna bwawa la Nyumba ya Mungu, lililojengwa katika miaka ya 1960. Huko chini nchi ni kavu na jua ni kali. Lugha yetu ya Kiswahili hutumia neno moja, ukungu, kwa lile wingu linaloshuka mlimani alfajiri, na kwa ule utando unaoota juu ya mkate na mahindi. Neno hilo halikukosea. Mambo hayo mawili ni ndugu, maana yote mawili huzaliwa na unyevu.

Tuanze na chakula kiharibikacho upesi kuliko vyote. Perege aliyevuliwa asubuhi katika Nyumba ya Mungu, asipotiwa chumvi, wala kubanikwa kwa moshi, wala kuwekwa katika barafu, hana hakika ya kufika jioni akiwa mzima katika joto la tambarare. Maziwa mabichi huchacha kabla ya siku kwisha. Lakini uchachu huo si uharibifu daima, maana wafugaji wetu wameutawala wakapata mtindi. Nyama ya mbuzi isiyokaushwa huhesabiwa siku moja. Makande, chakula kilichowapa Wapare sifa katika nchi nzima, hupendeza yakiwa ya moto, na hupendeza tena yakipashwa. Lakini yakilala usiku kucha katika joto, maharagwe yake huanza kutoa povu na harufu kali. Ndizi mbivu hungoja siku chache. Mkate wa dukani, ukikaa katika mfuko wake, huota madoa ya kijani baada ya siku nne au tano. Maharagwe makavu na mahindi makavu hukaa miezi mingi, hata mwaka na zaidi. Chumvi, sukari na asali hukaa miaka, wala ukungu hauvigusi.

Sababu ya tofauti hizo hasa ni moja, nayo ni maji. Vijidudu viozeshavyo chakula ni viumbe hai, navyo kama viumbe vyote haviwezi kuishi bila maji. Samaki, maziwa na makande vina maji tele. Basi bakteria hujaa humo kwa saa chache. Asali nayo ina maji ndani yake, lakini sukari imeyashika maji hayo kwa nguvu, hata kijidudu hakipati tone. Na chumvi hufanya vivyo hivyo katika samaki mkavu. Kuvu, yaani huo ukungu wa chakula, hustahimili kiu kuliko bakteria. Kwa hiyo chakula chenye maji mengi huoza kabla ukungu haujapata nafasi, na chakula kilichokauka nusunusu ndicho ukungu ukipendacho. Ndiyo maana samaki hunuka, bali mkate, karanga na mahindi huota ukungu.

Sasa tuyatazame mahindi, maana ndiyo tegemeo la nyumba nyingi. Yanapovunwa mara nyingi huwa bado yana maji yapata sehemu 20 mpaka 30 katika mia. Ili yahifadhiwe salama yapasa yashuke mpaka sehemu 13 hivi katika mia, na karanga mpaka sehemu 7. Kule Kwakoa jua huimaliza kazi hiyo kwa siku chache. Kule Kifula, ambako majira ya baridi wingu huweza kukaa juu ya paa tangu asubuhi hata jioni, kazi hiyo huchukua majuma. Wazee wa milimani walilijua jambo hilo pasipo vipimo vya maabara. Waliyapanga mahindi juu ya dari ya jikoni, mafiga yakiwa chini yake, moshi na joto vikapita kati ya mahindi kila siku; hivyo yakakauka, na wadudu wakakimbia. Siku hizi nyumba nyingi hujengwa bila dari ya namna hiyo, na mahindi hufungwa katika magunia yakiwa bado na ubichi, yakapangwa sakafuni. Hatuwalaumu wajenzi, jiko lisilo na moshi ni rehema kwa macho na mapafu ya mama. Lakini kazi iliyofanywa na moshi haina budi kufanywa na kitu kingine, maana unyevu haukuhama pamoja na moshi.

Sumu isiyonuka

Mwenyezi Mungu amempa mtu pua na ulimi viwe walinzi mlangoni. Samaki aliyeoza hujishtaki mwenyewe, na maziwa yaliyoharibika hayahitaji shahidi. Mtu akiyala hayo kwa makusudi hawezi kusema kwamba hakuonywa. Lakini uko uharibifu usiojishtaki, na huo ndio unaolifanya shauri letu kuwa zito.

Katika Ulaya ya zamani, watu wengi waliokula mkate wa rai, nafaka iliyo jamaa ya ngano, walipatwa na ugonjwa wa kutisha: viungo viliwaka kama moto, vidole vikawa vyeusi, vikakatika. Waliuita Moto wa Mtakatifu Antoni, kwa sababu wagonjwa walikimbilia kwa Ndugu wa Mtakatifu Antoni, shirika lililoanzishwa Ufaransa karibu na mwaka 1095. Ndugu hao waliwauguza kwa karne nyingi. Mnamo mwaka 1676 mganga Mfaransa, Denis Dodart, aliwaeleza wataalamu wenzake kwamba ugonjwa huo ulitoka katika vipande vyeusi vilivyoota kwenye masuke ya rai, nasi leo twajua kwamba vipande hivyo ni kuvu. Mapendo yalitangulia na maarifa yakafuata, na wagonjwa walihitaji yote mawili.

Mwaka 1960, huko Uingereza, bata mzinga zaidi ya 100,000 walikufa katika muda wa miezi michache. Wataalamu walipochunguza waliona kwamba walikuwa wamelishwa mashudu ya karanga yaliyotoka Brazil, na ndani ya mashudu hayo mlikuwa na sumu ya kuvu iitwayo Aspergillus flavus. Sumu hiyo na nyingine za jamii yake ndizo tuziitazo leo sumukuvu. Kuvu hiyo hupenda joto la nyuzi 25 mpaka 35, yaani joto letu la kawaida. Huanza shambani, mahindi yakidhoofishwa na ukame au yakitobolewa na wadudu, kisha huendelea ghalani yakihifadhiwa na unyevu. Punje yaweza kuwa na sumu ingawa macho hayaoni ukungu juu yake. Tena kuisonga ugali au kuichemsha katika makande hakuiondoi sumu, maana yastahimili moto mkali kuliko ule wa maji yanayochemka.

Wala tusidhani kwamba mambo hayo ni ya bata mzinga wa Uingereza tu. Mwaka 2004, katika sehemu za mashariki mwa Kenya, hasa Makueni na Kitui, watu 317 waliugua, na 125 kati yao wakafa. Wengi walikuwa wamekula mahindi ya mashamba yao wenyewe, yaliyowekwa yakiwa na unyevu. Na mahindi ya sokoni nayo yalipopimwa yalikutwa na sumu. Mwaka 2016, katika mikoa yetu ya Dodoma na Manyara, watu wapatao 20 walikufa kwa sababu hiyohiyo. Na hao ni waliokufa upesi. Sumu hiyo ikiliwa kidogo kidogo kwa miaka huleta saratani ya ini. Wataalamu waliofuata makuzi ya watoto wachanga katika vijiji vitatu, Nyabula mkoani Iringa, Kigwa mkoani Tabora na Kikelelwa katika mkoa huuhuu wa Kilimanjaro, walitangaza mwaka 2015 kwamba watoto wengi sana walikuwa na dalili za sumu za ukungu katika miili yao, na kwamba wale waliokuwa na wingi wa sumu moja iitwayo fumonisini walipungukiwa kimo.

Kipimo kilichokubaliwa katika nchi za Afrika Mashariki ni kwamba sumukuvu ya jamii ya kwanza tuliyoitaja isizidi mikrogramu 10 katika kilo moja ya mahindi. Msomaji apate kuelewa udogo wa kipimo hicho, afikiri hivi: ni gramu moja tu katika magunia elfu moja ya kilo mia mia. Sumu ya kiasi hicho hakuna mama awezaye kuiona kwa jicho.

Amri mbili zikigombana

Sasa twaweza kuliuliza swali letu sawasawa. Tumelelewa katika amri mbili. Ya kwanza yasema: usitupe chakula. Bibi aliyeiona njaa huokota hata punje iliyoanguka karibu na kinu, wala hatumcheki, maana adabu yake ilinunuliwa kwa machozi. Ya pili yasema: usimdhuru mtu. Kwa kawaida amri hizo mbili huenda pamoja kama ndugu. Lakini mbele ya debe la mahindi yaliyoota ukungu zagombana. Ukitupa, umeharibu chakula. Ukilisha, labda umelisha sumu.

Watu wengi, wakitaka kuzipatanisha, hutafuta njia ya tatu. Husema: sisi hatutakula, lakini pia hatutatupa. Hapo milango minne hufunguka, na yafaa tuitazame mmoja mmoja.

Mlango wa kwanza ni wa mifugo. Mahindi mabaya hupewa kuku na ng'ombe. Lakini tumekwisha sikia habari za bata mzinga; na ng'ombe alaye mashudu au pumba zenye sumukuvu huitoa sehemu ya sumu hiyo katika maziwa yake. Basi kile ambacho baba amekiondoa kwenye sahani ya mtoto asubuhi, chaweza kurudi jioni katika kikombe chake.

Mlango wa pili ni wa pombe. Husemwa kwamba mahindi yaliyoharibika yafaa kwa kimea, kwa kuwa uchachu wa pombe huficha ladha mbaya. Neno hilo la kuficha lajihukumu lenyewe. Kuchachusha hakuiui sumu yote, bali huondoa ile dalili ndogo ambayo ingemwonya mnywaji.

Mlango wa tatu ni wa soko. Mahindi mabaya huchanganywa na mazuri, au husagwa upesi, maana unga hauna rangi ya kushuhudia. Nabii Amosi aliwakemea wafanya biashara wa Israeli waliowauzia maskini makapi ya ngano pamoja na nafaka, nao walikuwa wakingoja kwa hamu siku takatifu iishe wapate kufungua maghala. Hao hawakuwa wageni kwa tabia, twawajua. Na madhara yake si ya mnunuzi peke yake. Mwezi wa Machi mwaka 2021, Kenya ilisimamisha kwa siku kadhaa mahindi kutoka Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu, ndipo ikayaruhusu tena kwa masharti. Siku hizo mkulima mwaminifu aliyekausha mahindi yake vizuri alisimama mpakani pamoja na mdanganyifu. Wahenga walisema, samaki mmoja akioza, wote wameoza.

Mlango wa nne hutumiwa na watu wema, na kwa hiyo ni wa hatari kuliko yote. Ni mlango wa sadaka. Shule imeomba kila mzazi alete debe la mahindi kwa ajili ya uji na chakula cha mchana. Parokia imetangaza siku ya mavuno. Mjane jirani amekuja kuomba. Baba huingia ghalani na mikono yake, pasipo yeye kufikiri sana, hulifikia gunia lililo chini kabisa, lile lililogusa sakafu. Nabii Malaki aliwashutumu makuhani wa zamani zake kwa kupokea wanyama vipofu na vilema wawe sadaka, akawauliza kama liwali wao angekubali kupewa zawadi ya namna hiyo. Swali hilo latutosha na sisi. Je, gunia hili ungempelekea mkuu wa wilaya? Je, ungempikia mkweo? Kama sivyo, usimpe mjane, wala usiwape watoto mia mbili wa shule, ambao mmoja wao ni wako.

Twaona basi kwamba njia hizo zote ni njia moja. Zote zamtafuta mtu wa kubeba hasara ambayo mwenye gunia hataki kuibeba. Tena humtafuta mtu asiyeweza kukataa: mnyama asiye na ulimi, mlevi asiyeonja, mnunuzi asiyeona, maskini asiyethubutu kurudisha zawadi. Hiyo ndiyo dhuluma yenyewe. Ukungu wenyewe ni ajali ya maumbile, bali mtu amchaguapo mwingine aule, jambo limekwisha toka katika maumbile na kuingia katika dhamiri.

Asiyejua, asiyetaka kujua, na anayejua

Elimu ya maadili hutufundisha kuwatofautisha watu watatu. Wa kwanza hajui, wala hakuwa na njia ya kujua. Wale waliokufa Makueni na Dodoma wakila mavuno ya mikono yao, wakiwalisha watoto wao kwa mapendo, hawana hatia hata kidogo. Wa pili hajui, lakini angeweza kujua kama angetaka: bwana shamba amepita kijijini, redio imesema, naye akaona vema asisikilize, maana kujua kungemtia gharama. Ujinga wa namna hiyo haumwokoi mtu. Ni ujinga uliofugwa. Wa tatu anajua, na ameyatenda. Huyo hana la kujitetea.

Lakini yuko na wa nne, ambaye vitabu humtaja kwa sauti ya chini zaidi. Huyo anajua, naye hana kitu kingine. Mama mwenye watoto watatu amebakiwa na debe moja, nalo limeota ukungu. Aambiwe nini? Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, na ni rahisi kwa mwandishi wa gazeti kumwambia atupe. Njaa huua kwa majuma, sumu mara nyingi huua kwa miaka. Mama huyo akiyachambua mahindi kwa uangalifu, akazitoa punje zilizobadilika rangi, zilizovunjika na zilizotobolewa, akayapepeta, akayakoboa, akayaosha, atakuwa amepunguza sehemu kubwa ya sumu ingawa hataimaliza. Akiweza kuchanganya mlo wake na ndizi, magimbi au viazi, ili watoto wasile mahindi matupu kila siku, atakuwa amepunguza tena. Akifanya hayo hana dhambi. Ametenda awezalo mtu katika shida.

Walakini hatia haikupotea hewani. Yapanda njia mpaka kwenye nyumba ya jirani mwenye ghala lililojaa. Mtakatifu Tomaso wa Akwino, katika karne ya 13, alifundisha kwamba mtu anaruhusiwa kuwa na mali yake mwenyewe, lakini matumizi yake yampasa ayaone kuwa ni ya wote, hata awe tayari kuwagawia wenye shida. Na kwamba mtu aliye katika shida kubwa ya kufa akitwaa kilicho cha lazima kwa uhai wake, hahesabiwi mwizi. Basi kama mama yule anakula mahindi ya ukungu, na hatua mia kutoka kwake yako magunia makavu yanayongoja bei ipande, swali halimhusu mama tena.

Je, akiba haiozi?

Wahenga walisema akiba haiozi. Ni mausia mema, na mkulima asiyeweka akiba hutesa watoto wake mwezi wa njaa. Yosefu aliwekea Misri nafaka ya miaka saba, akaokoa mataifa. Lakini mithali hiyo yasema kweli juu ya tabia ya kuweka akiba; juu ya chakula chenyewe haiwezi kusema hivyo. Chakula chote huoza, hiki leo na kile mwakani.

Mwanafalsafa Mwingereza, John Locke, katika kitabu kilichochapishwa na mwaka 1690 juu yake, aliona jambo la maana hapo. Alisema kwamba kwa asili mtu ana haki ya kutwaa kiasi awezacho kutumia kabla hakijaharibika. Kinachozidi hapo na kuozea mikononi mwake, amechukua fungu la wengine. Ndipo akaeleza kwamba fedha ililegeza mpaka huo, kwa kuwa fedha haiozi. Hatuyakubali yote aliyoyasema Locke, lakini neno hilo lapasa kufikiriwa na kila mwenye ghala.

Angalieni jinsi chakula kiozacho upesi kinavyofunza ujirani. Huko milimani mtu akichinja mbuzi, nyama haiwezi kungoja. Hivyo hugawanywa siku ileile, kila jamaa na fungu lake. Mkungu wa ndizi ukiiva wote kwa pamoja, mwenye nyumba hawezi kuumaliza. Watoto wa jirani huitwa. Maziwa yakizidi hupelekwa ng'ambo ya mfereji. Watu hao pengine hawajioni wakarimu. Ni kuoza kwa chakula kulikowashika mkono na kuwafundisha. Wana wa Israeli nao walifundishwa hivyo jangwani: mana waliyoilimbika mpaka asubuhi iliota mabuu na kunuka, ila ile ya kuamkia Sabato. Kila mtu alijifunza kuokota cha kumtosha.

Mahindi makavu hukaa kati ya ndizi na fedha. Hayaozi leo, kwa hiyo hayatulazimishi kugawa. Wala hayakai milele, kwa hiyo hayatupi usalama tunaoutafuta. Hapo ndipo mtu hujaribiwa. Ahifadhi kwa ajili ya watoto wake, vema. Auze kwa bei ya haki, vema. Lakini akiyashikilia mwaka wa pili akiomba moyoni majirani wakose mvua ili bei ipande, kisha ukungu ukaingia, amepoteza mara mbili: chakula kimekufa, na njaa ambayo kingeitibu imekwisha fanya kazi yake. Mtakatifu Basili, askofu wa Kaisaria, aliwahubiri matajiri wa mji wake jambo hilohilo katika karne ya 4, nchi ilipokumbwa na njaa: kwamba kinachozidi na kuharibika nyumbani mwao kilikuwa haki ya mwenye njaa.

Yatupasayo

Kwa kuwa uharibifu huanza mapema, na wajibu wetu nao uanze mapema. Anayengoja mpaka ukungu uonekane ndipo aulize dhamiri, amechelewa.

Mahindi yasivunwe mabichi kwa haraka pasipo lazima, wala yasitandazwe juu ya udongo mtupu; turubai au mkeka hugharimu kidogo kuliko mtoto. Kule mlimani, ambako jua ni la kubahatisha, yafaa jamaa zenye ndugu tambarare zishirikiane kukausha. Kabla ya kufunga gunia, mkulima apime ukavu kwa njia rahisi: atie chumvi kavu kidogo katika chupa kavu ya kioo pamoja na mahindi, aitikise, kisha aiache kwa dakika chache. Chumvi ikishikamana na kuta za chupa, mahindi bado yana unyevu, isiposhikamana, yamekauka. Magunia yapangwe juu ya vichaga, mbali na sakafu na ukuta. Mifuko isiyopitisha hewa ni mizuri, lakini kwa mahindi yaliyokwisha kauka tu. Jikoni nako, chakula kilichopikwa kisiachwe usiku kucha katika uvuguvugu. Kipikwe cha kutosha, au kipelekwe kwa jirani kingali cha moto.

Walimu na kamati za shule wasione haya kulirudisha debe baya, wala mapadre na makatekista wasione haya kufanya vivyo hivyo siku ya mavuno. Kulipokea kimya si upole. Ni kumsaidia mtu kumdanganya Mungu na kumdhuru jirani. Wafanya biashara wakumbuke kwamba mashine ya kusaga husaga mahindi, haisagi ushahidi. Na serikali yatazamiwa kuweka vipimo karibu na wakulima, si mpakani peke yake, ili mtu ajue hali ya mahindi yake kabla watoto hawajayala.

Na kile kilichokwisha oza kabisa? Kichimbiwe shimo, kifukiwe mahali ambapo kuku na mbuzi hawatafukua. Anayefanya hivyo asihuzunike kana kwamba amevunja amri ya bibi yake. Bibi alikataza kutupa chakula. Alichokifukia si chakula tena.

Hilo basi ndilo jibu la swali letu. Chakula kilichoota ukungu si cha kuku, si cha mlevi, si cha mnunuzi, wala si cha maskini. Ni cha shimo. Lakini mwezi uliopita, kilipokuwa kizima na kikavu, kilikuwa na mwenyewe, na pengine mwenyewe hakuwa yule aliyekuwa na ufunguo wa ghala. Kila msomaji na aende atazame gunia lake la chini leo, lingali zima, na kabla ya kulifunga tena ajiulize ni nani aliye karibu naye ambaye usiku huu hana cha kupika.